Geji ya Pikipiki ya Mama

Nyumba yetu katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka ilinuka petroli na kitambaa kipya. Pikipiki ya Mama ililala ndani, katika chumba cha mbele, kati ya cherehani na gunia la unga, kwa sababu kuiacha nje ilikuwa sawa na kumwita mwizi kwa jina lake. Kwa ajili yake jiko la mkaa lilipigwa marufuku kuvuka kizingiti, hata mvua inyeshe vipi, na mimi niligeuza nsima, ugali wa huku, chini ya upenu huku matone yakinipiga mgongoni. Wageni walioingia walikunja pua. Mimi nilikuwa nimeizoea harufu ile, na darasani nilipofungua daftari nikaikuta imenifuata hadi humo, nilijiona mtu mkubwa, maana ni nani mwingine pale aliyekuwa na mama mwenye pikipiki? Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na maringo ya mtu wa miaka arobaini.

Tulikuwa tumetoka Bukavu miaka miwili kabla. Kule Mama alishona magauni ya harusi. Huku Malawi alijikuta anashona sare za shule na za kwaya, na kama alilalamika, alilalamika huku mguu ukikanyaga pedeli. Pikipiki aliipata kwa shemasi mmoja Mrundi wa kanisa letu. Familia ya shemasi ilikuwa imepata nafasi ya kuhamia Marekani, na Mama aliwashonea wote nguo za safari, kuanzia suti ya baba hadi kigauni cha mtoto mchanga. Shemasi akamwachia pikipiki yake kuukuu, iliyonizidi umri. Watu walidhani ataiuza. Mama akajifunza kuiendesha kwenye uwanja wa mpira, akaanguka mara nne mbele ya umati uliokuwa ukisubiri aanguke mara ya tano, kisha akatoka nayo barabarani. Kila wiki alikwenda Lilongwe kununua vitambaa na kupeleka sare kwa wateja wake wa mtaa wa Area 23, sketi juu ya suruali, kofia ngumu juu ya kilemba. Vijana wa kabaza, wale wabeba abiria wa kituoni, walimpigia honi za dhihaka mwezi wa kwanza. Mwezi wa tatu walimpigia za salamu.

Papa hakuendesha chochote. Bukavu alikuwa mwalimu wa fizikia wa sekondari, mtu wa suruali iliyonyooshwa na vumbi la chaki kwenye mkono wa koti, na mtaani kwetu walimwita Prof hata walipokuwa wanagombana naye. Dzaleka hakuna aliyemjua. Vyeti vyake vilibaki nyuma pamoja na nyumba. Alipokwenda kuomba kazi ya kufundisha akaambiwa alete karatasi, na siku hiyo alirudi, akavua viatu, akaketi kwenye benchi nje ya mlango wetu, na kwa namna fulani hakuinuka tena. Hakunywa pombe, hakumgombeza mtu. Alinyamaza tu. Siku nzima ingeweza kupita akiwa amesema "asante" mara mbili na "ndiyo" mara moja. Mama alimwandalia maji ya kuoga na kumsimulia habari za sokoni kana kwamba anamjibu. Watu wazima walisema amechoka, mumwache apumzike. Mimi, niliyekuwa nikilala kwa maelezo yake ya kwa nini mwezi hauanguki, nilimkasirikia. Nasema wazi, nilimkasirikia kuliko nilivyomhurumia. Nilimtaka baba yangu, na yule wa kwenye benchi hakuwa yeye.

Sasa, geji ya petroli ya pikipiki ile ilikuwa mbovu. Mshale wake ulilala siku zote kwenye alama nyekundu. Hata tangi lijae hadi mdomoni, geji ilisema hakuna kitu. Kibomba cha kufungulia petroli ya akiba nacho kilikuwa kimevunjika tangu enzi za shemasi, kwa hiyo petroli ikiisha ilikuwa imeisha kweli. Mama alikuwa na njia yake: kabla ya kuondoka aliitikisa pikipiki, akatega sikio kusikia petroli inavyocheza ndani, akakadiria. Geji aliidharau. "Hii kitu iko na roho mubaya," alisema, "kila siku inasema haiko." Alhamisi moja ya msimu wa mvua alipakia Lilongwe marobota mawili ya kitambaa, mazito kiasi cha kushindwa kuitikisa pikipiki, akaondoka kwa imani. Geji ilisema hakuna, kama kawaida yake, na siku hiyo ilisema kweli. Injini ilizimika baada ya Lumbadzi, mahali pasipo na duka wala nyumba karibu, na mvua ikateremka. Mama alisukuma pikipiki na mzigo wake hadi akapata msamaria wa kumpimia petroli kwenye chupa. Alipofika nyumbani, jua likiwa linazama, tope lilikuwa limempanda hadi magotini na kitambaa cha bluu kilikuwa kimetoa rangi juu ya cheupe chote. Aliketi sakafuni kando ya gurudumu, akalia. Sikuwahi kumwona Mama akilia, hata siku tuliyoiacha Bukavu.

Papa alikuwa amesimama mlangoni. Alimtazama Mama, akaitazama pikipiki, akainama akagonga kioo cha geji kwa ukucha. "Ni joje," alisema, akiiita geji kwa Kifaransa chake cha darasani. "Iko na boya ndani ya tangi. Boya njo imezama." Mama aliacha kulia. Mimi niliyahesabu maneno yale kwenye vidole, na vidole vya mkono mmoja havikutosha.

Asubuhi yake benchi lilikuwa tupu. Papa alikuwa amemwendea jirani yetu, Papa Wilondja, mvuvi wa Fizi aliyezaliwa kando ya ziwa karibu na Baraka, ambaye hapa kambini alitengeneza baiskeli na kwa hiyo alikuwa na spana. Walimimina petroli yote kwenye dumu, wakalishusha tangi, wakatoa kutoka tumboni mwake mkono mwembamba wa waya wenye boya dogo la plastiki kwenye ncha. Papa aliniita. Petroli ikipanda, alinieleza, boya nalo hupanda, mkono husogea, umeme unaofika kwenye geji hubadilika, na mshale huinuka. Boya letu lilikuwa limepasuka, limejaa petroli, na limekuwa likilala chini kwa miaka. Alinichorea mambo hayo yote kwa mkaa ukutani, pembeni ya mlango. Mama, ambaye kwa doa moja la ukuta angekutangaza mtaa mzima, aliupita mchoro ule mara mbili bila kusema kitu.

"Boya?" Papa Wilondja alicheka, akimwita Papa kwa jina langu. "Papa Nabintu, mi nilikomalia mu maboya, tangu utoto." Alikwenda kwake akarudi na kipande cha lile povu gumu jeupe linalowekwa kwenye maboksi ya televisheni ili isivunjike. Kwao ziwani, alisema, ndilo waliloning'inizia nyavu, na halijawahi kumwangusha mtu. Alilichonga kwa wembe likawa duara kama yai la kanga, akalifunga kwenye mkono wa waya kwa uzi wa Mama. Papa alilipima mkononi, akatikisa kichwa kukubali. Lilikuwa jepesi, na jepesi huelea. Fizikia ilikuwa imeridhika. Walitaka beseni la maji. "Kwetu Baraka, boya unaijaribia mu mayi," Papa Wilondja aliwatangazia majirani walioanza kukusanyika. "Ikikataa kuzama, kazi imeisha." Akalizamisha kwa kidole, likaruka juu. Akalizamisha tena, likaruka tena, na watoto wakapiga kelele. Mtu wa maji na mtu wa vitabu walipeana mikono juu ya beseni lile, na hakuna hata mmoja wetu, kati ya watu thelathini waliosimama pale, aliyefikiria kwamba ndani ya tangi hamna maji.

Walirudisha kila kitu mahali pake, Mama akawasha umeme kwa ufunguo, na Papa akamimina petroli polepole kutoka kwenye dumu. Mshale ulitikisika, ukaiacha alama nyekundu, ukapanda hadi karibu na robo. Makofi yalilia mpaka wapita njia wakasimama. Mama alifunika mdomo kwa mikono miwili. Papa alitabasamu, meno yakaonekana, nami nikamkumbuka. Kisha mshale ukaanza kurudi. Haukuanguka, ulishuka taratibu, kwa adabu, mpaka ukalala pale ulipozoea. Papa Wilondja alikuwa bado anapiga makofi. Walichungulia chini kutafuta panapovuja, pakavu. Walifungua kifuniko cha tangi, petroli ipo. Ikabidi washushe tangi upya mbele ya watu wote, na mkono wa waya ulipotoka, kwenye ncha yake palikuwa na uzi mtupu na ute mweupe unaonata.

"Petroli imekula boya!" Papa Wilondja alipiga ukunga, mikono kichwani. Watu walicheka, na wengi walicheka bila ubaya, maana kitu chenyewe kilichekesha. Lakini nyuma kabisa kijana mmoja alisema kwa sauti ya kusikika, "Njo mwalimu ya fizikia, uyo?" Papa alisikia. Alifuta mikono yake kwenye kitambaa, kidole kimoja kimoja, akaingia ndani, akajilaza akielekea ukutani. Kesho yake alirudi kwenye benchi. Nilimsalimu, akaitikia kwa kichwa. Hofu niliyoipata siku hiyo naweza kuieleza hata leo: nilikuwa nimemwona akirudi, kwa siku moja tu, na sasa anaondoka tena mbele ya macho yangu. Mama alisema tumpe muda. Mimi niliona kwamba muda ndio uliokuwa ukimmaliza.

Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa mtoto mdadisi na mkaidi, basi. Mabaki ya lile povu yalikuwa bado uani, na mchana wa siku ya tatu nilichukua punje zake, nikazitia kwenye kikombe cha bati, nikadondoshea petroli kutoka kwenye dumu. Zilinywea na kutoweka zikitoa sauti ndogo ya kufyonza. Nikarudia, zikatoweka tena. Nilikibeba kikombe hadi kwenye benchi, nikakiweka mapajani mwa Papa, nikamuuliza, "Papa, juu ya nini mayi haikule, na petroli inakula?" Alikitazama kikombe. Nilitegemea atanirudishia. Badala yake alisema, "Sijui." Baba yangu hakuwahi kuniambia neno hilo, na nafikiri hata yeye lilimshtua, kwa sababu alilirudia polepole zaidi. Kisha akasogeza miguu, akanipa nafasi kwenye benchi. "Leta ingine," alisema. "Leta kitu ingine, tuone."

Ndivyo ulivyoanza msimu wetu wa kuharibu vitu. Tulipanga makopo na chupa zilizokatwa pembeni mwa ukuta, mbali na jiko, petroli kidogo katika kila moja, na kila siku tulitia kitu kipya. Kipande cha mshumaa kililegea kikawa uji. Moyo wa bua la hindi ulikunywa petroli na kuzama. Kipande cha lapa kilivimba. Kalamu yangu ya shule ilipasukapasuka kama kisigino, nikachapwa kwa sababu yake. Kuna kifungo cha Mama kilichotoka laini, na Mama akaja juu: "Vifungo vya uniforme ya batu, munachezea!" Alisema hivyo kwa ukali, lakini kesho yake nilimkuta yeye mwenyewe akimletea Papa vingine vya rangi tofauti. Kichupa cha dawa kilivumilia wiki nzima bila kudhurika, ila kilikuwa kinene, hakikuingia kwenye tundu la tangi. Papa aliandika yote kwa mkaa ukutani. Nilikuwa nimeacha kuhesabu maneno yake.

Watoto wa majirani walianza kuja mmoja mmoja, kisha kwa makundi, Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, wakiwa na vitu walivyoiba nyumbani kwao ili viliwe na petroli. Papa aliwapanga mbali na makopo na hakumruhusu mtu kutia chochote kabla ya kusema anachodhani kitatokea. "We unawaza itafanya nini?" alimuuliza kila mmoja, na aliyejibu tu kwa kubahatisha aliambiwa afikiri upya. Papa Wilondja alikaa nyuma kabisa, magoti yakimfika kidevuni, naye alinyoosha mkono kuomba nafasi ya kujibu. Mama alishona dirisha likiwa wazi. Lakini pikipiki ilikuwa bado bila boya, Mama hakuthubutu tena kusafiri kwa kukadiria, wateja wa Area 23 walikuwa wanasubiri, na siku moja Papa alikunja mikono akasema kwamba hapa kambini jibu halipo. Lazima tutafute la chuma, Lilongwe. Alisema "tutafute", mtu ambaye kwa miaka miwili hakufika hata kituo cha kabaza.

Tuliondoka Jumamosi asubuhi, Mama mbele, mimi katikati, Papa nyuma akiwa amevaa koti lake la shule, na chupa ya petroli ya akiba mkobani. Mwanamume kubebwa na mke wake, tena barabara kuu! Kambi nzima ilitoka kuangalia. "Papa Nabintu, shofere yako iko muzuri!" walimpigia kelele. Nilihisi kifua chake kikitikisika mgongoni mwangu, nikaogopa kugeuka, mpaka nilipotambua kwamba anacheka. Mahindi yalikuwa yamesimama kijani pande zote mbili za barabara, na Papa aliniuliza sikioni majina ya vijiji tulivyovipita. Kumbe hakuwa anayajua.

Area 23 Mama alimjua fundi mmoja wa pikipiki, Bambo Nkhoma, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, aliyefanyia kazi kwenye banda la mabati na vijana wake wanne. Papa hakujua Kichewa zaidi ya "zikomo", yaani asante, kwa hiyo Mama ndiye aliyeeleza, kwa Kichewa cha sokoni. Bambo Nkhoma alisikiliza, akaanza kuchakura kwenye debe la vyuma vya zamani. Wakati tunangoja, kijana wake mmoja aliokota kipande cha povu jeupe chini ya meza, akamwonyesha Papa: kwa nini msiweke hiki? Mimi na Mama tuliangaliana. Papa alikipokea kile kipande. Aliomba kopo. Aliomba petroli. Kisha akawatazama vijana wale wanne mmoja baada ya mwingine, nami nikajua kabla hajafungua mdomo atakachowauliza. Mama alitafsiri. Watatu walisema litaelea. Papa akalitia, likanywea mbele yao, wakaruka nyuma wakishangaa. Kwa kipande cha chaki walichotumia kupimia vyuma, alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji na koti lake zuri, akachora tangi, mkono, waya na geji, akaeleza kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, kwa vidole, na pale Mama alipokosa neno la Kichewa vijana wenyewe walilitafuta, wakamfundisha, naye akalitamka vibaya, wakamrekebisha. Wateja wawili waliacha pikipiki zao wakaja kusikiliza.

Bambo Nkhoma alikuwa amerudi na boya la shaba lililotolewa kwenye kabureta ya gari la zamani, ila hakulitoa. Alisimama nalo mkononi mpaka Papa alipomaliza na kuinuka, magoti meupe kwa vumbi. Ndipo akainamisha kichwa kidogo na kumkabidhi kwa mikono miwili, kama wanavyofanya Wamalawi wanapomheshimu mtu. "Zikomo kwambiri, aphunzitsi," alisema. Neno hilo ndilo wanalomwitia mwalimu. Papa alimgeukia Mama kuomba tafsiri. Mama alikuwa amegeuka akijifuta macho kwa ncha ya kilemba, na ikawa ni mimi niliyemwambia. Alilishika boya lile bila kuliangalia. Machozi yalimtiririka, na mimi sikuona aibu hata kidogo kwamba baba yangu analia mbele ya watu.

Waliliunganisha boya kwa risasi ya kuchomea, tangi likiwa limewekwa mbali, na mchana ule ule mshale ulipanda na kubaki juu. Haukuwa sahihi kabisa. Tangi likijaa ulisema robo tatu, na Mama aliridhika kujua inadanganya kiasi gani. Watoto hawakuacha kuja. Papa aliwafundisha kwenye benchi, kisha kanisani siku za katikati ya wiki, na mwaka uliofuata alirudi kuomba kazi pale pale alipokataliwa, bila karatasi, akiwa na wanafunzi kumi na saba nyuma yake. Safari hii walimsikiliza.

Leo ninaishi Nsungwi, mtaa wa Lilongwe, na mume wangu Mmalawi na watoto wetu wawili, na ninashona kama Mama; fizikia ilinishinda tulipofika kwenye hesabu, aibu ambayo Papa ananikumbusha mpaka leo. Pikipiki za siku hizi zinazopita dirishani kwangu zina vioo vya kuwaka tarakimu, na zikiharibika vijana huchomoa kitu kizima na kuweka kingine, wala sidhani kuna anayejua kilichomo tumboni. Silalamiki, maisha yamekuwa mepesi, na mengi ya zamani yetu sitamani yarudi. Tulikuwa na njaa zaidi ya ninavyopenda kusimulia. Papa na Mama bado wako Dzaleka, nywele nyeupe, na kila Jumapili baada ya ibada Papa hunipigia simu. Huongea. Ataanza na habari za wanafunzi, ataingia kwenye umeme wa jua, atatoka hapo kwenda kwenye rangi za upinde wa mvua, kwa Kiswahili cha Bukavu kilichochanganyika na Kichewa anachokizungumza sasa kwa lafudhi ya kuchekesha. Nyuma yake humsikia Mama akimwambia aache, mtoto ana kazi. Na kweli kuna Jumapili nina nguo za watu mezani na chungu jikoni, na mume wangu ananionyesha saa ya ukutani. Ningeweza kusema nitakupigia kesho. Lakini najua nyumba yenye baba asiyesema inavyokuwa. Navuta kiti, naketi, namuuliza swali lingine.